Mashine ya Baba

Jamani, kidonda chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, lakini damu yake ililowesha taulo zima. Wembe ulimpitia Baba chini ya sikio, mguso mdogo tu wa bahati mbaya, na kuanzia hapo damu ikawa inateremka shingoni bila breki. Dada alikandamiza pamba, akakandamiza leso, mwisho akakandamiza kiganja chake mwenyewe huku akimwita Mungu na kumwita mdogo wake kwa pumzi moja. Ilipokuja kukatika, chai ya asubuhi ilikuwa imepoa na kufanya utando, na Dada mgongo mzima ulikuwa umelowa jasho.

"Nani alikwambia umnyoe mgonjwa huyu kwa wembe?" muuguzi alimfokea alipokuja kukitazama kile kidonda. "Si anameza dawa za kuifanya damu iwe nyepesi? Wembe marufuku! Mtafutieni mashine ya umeme ya kunyolea ndevu."

Sasa, kwa mzee mwingine jambo lingeishia hapo. Ndevu zingeachwa ziote zitakavyo. Lakini nani wa kumwambia Baba maneno hayo? Mzee yule alikuwa mhudumu mkuu wa hoteli maisha yake yote ya kazi, na kidevu chake kiling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Aliwahi kumrudisha kijana wa kazi nyumbani kwa sababu ya unywele mmoja kwenye kola. Mapafu yalipomchoka, akawa mtu wa kitandani, alikubali yote: kulishwa, kuogeshwa, kugeuzwa ubavu. Ndevu tu ndizo alizokataa.

"Mwili umenishinda," alisema, "lakini uso bado ni wangu."

Nyumbani walibaki watatu, maana mama alishatangulia. Dada, mzaliwa wa kwanza, fundi wa karakana ya kushona sare. Baba mwenyewe. Na kitinda mimba, kijana wa kiume mwenye mwili mkubwa na usingizi mkubwa zaidi, mlinzi wa zamu ya usiku. Huyu walimwita Haya. Si haya ile ya aibu, ni haya ya kuitikia. Umtume sokoni, "Haya, Dada." Umwambie ahamishe kabati na kulirudisha palepale, "Haya, Dada." Hakuwahi kuuliza kwa nini tangu azaliwe. Watu humsifia kijana wa namna hiyo kwamba ana utii, na ni kweli, ila utii nao una siku zake za kukuua.

Na palikuwa na mashine. Mashine ya hewa, kubwa kama ndoo ya maji iliyofunikwa, ilikaa pembeni mwa kitanda, na mpira mwembamba ulitoka humo mpaka puani kwa Baba. Ilinguruma mchana na usiku. Mbele ilikuwa na taa moja ya kijani, ya kusema kwamba mambo ni mazuri. Bila hewa ile Baba angeweza kuvuta pumzi za kuungaunga kwa muda mfupi, kisha midomo ingeanza kubadilika rangi. Wenyewe waliuzoea ule mngurumo hata hawakuusikia tena. Ukisema "mashine ya Baba" katika nyumba ile, hakuna aliyekuuliza mashine ipi. Lishike neno hilo, maana ndilo lililotaka kumtoa mtu roho.

Juu ya kijimeza, karibu na mkono wa Baba, kulikuwa na kengele ya shaba, ile ya kubonyeza kwa kiganja ikalia *ting*, waliyompa hotelini alipostaafu. Akitaka maji, ting. Pazia limekaa vibaya, ting. Inzi kaingia, ting.

"Maisha yake yote kakimbizwa na kengele za wateja," Haya alilalamika siku moja, "sasa sisi ndio tunalipizwa."

Basi Dada akaenda duka la vifaa vya umeme. Muuza duka alikuwa mtu wa maneno mengi, anazungumza na mteja huku anafuta vumbi kwenye vioo, na alimpangia mashine za kunyolea mezani mojamoja.

"Hii ni ya waya. Haina betri ndani. Unachomeka, inafanya kazi. Kasoro yake, umeme ukikatika katikati, mzee anabaki nusu kwa nusu."

"Sitaki. Baba ana mpira wa hewa usoni, nikileta na waya tena nitamfunga kama mzigo."

"Sawa. Hii inakula betri ndogo, zile za rimoti. Haina waya, lakini nguvu yake ni ya kubembeleza. Ndevu za mzee ni ngumu?"

"Ngumu kama brashi ya viatu."

"Basi zitaicheka. Chukua hii ya kuchaji. Unaijaza, unachomoa, unanyoa hata ukiwa juu ya paa." Akaiwasha, akaipitisha juu ya mkono wake, na vinyweleo vikapukutika. "Tena hii, mama, inanyoa bila maji."

Dada akaruka. "Bila maji? Baba yangu kamkosea nani?"

Duka zima likaangua kicheko, muuza duka akicheka kuliko wote, na Dada naye akajikuta anacheka na mashine ameshaikumbatia. Alipokuwa anatoka, muuza duka alimnyooshea kidole.

"Sikiliza. Kabla ya kuitumia, ijaze kwanza. Taa nyekundu, bado inakula. Taa ikiwa ya kijani, imeshiba, chomoa papo hapo. Ukiiacha kwenye umeme siku nzima betri itavimba, na ukiirudisha hapa sikujui."

"Nyekundu inakula, kijani nachomoa," Dada alirudia kama mtoto wa shule.

Lakini kuambiwa ni jambo moja, na kuwa na Baba anayekupigia kengele ni jambo jingine. Asubuhi iliyofuata mzee aliamka na kioo mkononi. Ting! Dada aliichaji ile mashine kidogo tu, wakati maji ya chai yanachemka, akaona itatosha. Akautoa mpira puani, akanyoa kidogo, akaurudisha Baba avute pumzi, akautoa tena. Shavu la kushoto likatoka safi, laini, Baba akalipapasa na kutikisa kichwa kwa raha. Dada akahamia la kulia. Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Baba akajitazama kwenye kioo. Upande mmoja sahani, upande mwingine brashi ya viatu.

"Ndiyo nini hii?" aliuliza. "Nimekuwa pundamilia?"

"Vumilia, Baba. Imeisha chaji. Nikitoka kazini nitamalizia, naapa."

Chumbani mle ekstensheni ilikuwa na matundu mawili. Moja la mashine ya hewa, na hilo hakuna aliyeligusa. La pili Haya alikuwa amechomeka simu yake, muda huohuo alioingia kutoka lindoni. Dada aliichomoa simu, akachomeka mashine ya ndevu. Taa nyekundu ikawaka. Simu itasubiri, alijisemea, na simu ile ilikuwa imebakiwa na chaji ya kuhesabia.

Mlangoni alimvuta Haya pembeni, mlango ukiwa umerudishwa nusu, akamnong'oneza habari aliyokuwa nayo tangu siku ya kliniki.

"Daktari anasema wakiona anaendelea vizuri watajaribu kumwachisha mashine. Kidogo kidogo, mchana. Lakini usimwambie, asije akaingiwa na hofu bure."

"Haya, Dada."

Akaenda zake kazini.

Karakana ya sare, kwa asiyeijua, ni kelele tupu. Cherehani safu kwa safu, pasi za mvuke zinapumua, mafundi wanaongea kwa kupiga kelele mpaka hata wakiwa nyumbani hawajui kunong'ona. Mchana ulipoingia Dada alikuwa anatia kola wakati alipokumbuka betri. Itavimba! Akachukua simu, akaziba sikio moja kwa kidole.

"We, mashine ya Baba," alipaza sauti. "Ukiona taa ya kijani, ichomoe! Usiiache, umesikia?"

"Nichomoe?" Haya alikuwa katikati ya usingizi, sauti nzito.

"Ndiyo, ikiwa kijani chomoa!"

"Haya, Dada."

Dada akarudi kwenye kola zake, moyo mweupe, hana habari. Akamaliza rundo la kwanza. Akacheka na jirani yake kuhusu ile habari ya kunyoa bila maji, wote wakavunjika mbavu. Ndipo akasema ngoja nihakikishe, kichwa cha Haya nakijua. Safari hii alitoka nje, kwenye kivuli cha ukuta, mbali na kelele.

"Umeichomoa?"

"Muda mrefu. Niliizima kwanza, ndipo nikachomoa, kama inavyotakiwa." Haya alipiga mwayo. "Yaani Dada, kumetulia, raha mustarehe. Usingizi niliolala leo sijawahi kuulala humu ndani."

"Kumetulia nini wewe, kwani ikichaji inapiga kelele?" Dada alicheka.

Kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa ameibana simu sikioni, na nyuma ya sauti ya mdogo wake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mngurumo. Kila siku akipiga simu nyumbani mngurumo ule ulikuwapo, na yeye hakujua kama anausikia mpaka ulipokosekana.

"Haya," alisema polepole. "Umechomoa nini?"

"Si mashine ya Baba? Si umesema daktari..."

"Rudisha! Irudishe sasa hivi! Haya!"

Tuu. Simu ilikuwa imeshakatika kabla Haya hajasikia. Akapiga tena, mwanamke yule wa mtandao akamwambia kwa adabu zote kwamba nambari hiyo haipatikani. Simu ya Haya ilikuwa imezima. Na aliyeichomoa kwenye umeme asubuhi ni nani? Ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Nusu saa nzima alikuwa anacheka na kola! Msimamizi alimuona akipita mbio getini, utepe wa kupimia shingoni, chaki mkononi, akamuuliza anakwenda wapi na kazi haijaisha. Alirukia pikipiki ya kwanza aliyoiona, akamwambia mwendeshaji, "Kimbiza! Baba yangu anakufa!" Mwendeshaji alikuwa anataka kufanya utani, akamtazama uso, akaumeza utani wake na kuiwasha.

Njiani Dada hakuona duka wala mtu. Alikuwa anazungumza peke yake. Mashine ya Baba, nimesema mashine ya Baba. Ningesema ya ndevu. Neno moja tu, jamani, ya ndevu, lingenigharimu nini? Na taa ya kijani! Ile nayo ina taa ya kijani, inawaka tangu siku iliyoletwa! Alijipiga paja mpaka mwendeshaji akamwomba atulie wasije wakaanguka.

Mlango ulikuwa wazi. Haya alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, anakoroma, simu iliyokufa kifuani. Dada alimpita kama hamuoni.

Chumbani kulikuwa kimya. Baba alikuwa ameegemea mito, mikono ameiweka juu ya shuka vizuri, macho wazi, anatazama dari. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Kifua kilikuwa kinapanda kwa shida, kinakaa, kinafikiria, kisha kinashuka.

Dada alipiga magoti kwenye ekstensheni. Waya ulimponyoka, akauchomeka, akabonyeza. Mashine ikanguruma. Taa ya kijani ikawaka, na Dada hajawahi kuipenda wala kuichukia taa yoyote namna ile. Aliuweka mpira sawasawa puani kwa Baba, akamshika mkono uliokuwa baridi, akaanza kumwomba Mungu kwa maneno yasiyopangika. "Vuta, Baba. Vuta tena. Hivyo hivyo. Vuta."

Mzee akavuta. Akavuta tena. Taratibu mno, midomo ikaanza kuacha wino, ikawa kijivu, ikawa midomo ya mtu.

Hapo ndipo Dada aliponyanyua macho akaiona kengele. Ilikuwa palepale kwenye kijimeza, karibu na vidole vya Baba kiasi kwamba asingehitaji hata kunyoosha mkono. Kengele ya inzi na pazia. Haya amelala sebuleni, hatua chache tu, na kengele ile huamsha mpaka jirani.

"Baba," aliuliza, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuomba ruhusa. "Mbona hukupiga kengele?"

Mzee aliitupia kengele jicho.

"Nimwite nani?" Alipumzika, akavuta hewa. "Aliyeizima ni mwanangu. Nilimuuliza, akasema, 'Dada kasema.' Na asubuhi niliwasikia pale mlangoni. Kumwachisha mashine. Asiambiwe." Akavuta tena. "Nikasema basi, wameamua. Wamechoka, na wana haki ya kuchoka. Nikaona nisiwasumbue."

Mshtuko wa karakanani haukuwa kitu. Ule wa barabarani haukuwa kitu. Sasa ndipo Dada alipopigwa na butwaa la kweli, akakaa pale sakafuni. Kumbe baba yake alikuwa amelala hapa, pumzi inamwisha, kengele ipo kiganjani, na amejizuia kuigusa kwa adabu. Kwa adabu! Kama mhudumu anayesogea pembeni wateja wapite.

"Kitu kimoja tu kiliniuma," Baba aliendelea, na sauti ilianza kurudi. "Mngemaliza kwanza shavu la pili. Ndiyo mnanipeleka mbele za watu na uso wa namna hii?"

"Baba!" Dada alipasuka. "Hatujaamua kitu! Ni mashine ya ndevu! Nilimwambia achomoe mashine ya ndevu, betri isivimbe! Na daktari kasema unaendelea vizuri, ndiyo maana wanataka kujaribu, kwa sababu unapona! Nani kachoka? Nani kakwambia tumechoka na wewe?"

Alimlalia kifuani akalia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, mpaka Haya akaamka. Akaja mpaka mlangoni anajifikicha macho, akasikiliza, akaelewa. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha mwili wote ule mkubwa ukashuka taratibu ukaketi chini, palepale kizingitini.

"Ulisema mashine ya Baba," alisema. "Taa ya kijani. Nikadhani daktari amekupigia."

"Nilisema," Dada alijibu. "Nilisema mwenyewe."

"Ningeuliza."

"Ungeuliza. Kuanzia leo uliza. Hata nikikwambia ule, uliza chakula gani."

Haya akafungua kinywa aitikie lile neno lake, likamkwama, akaishia kujifuta uso kwa mkono wa shati. Baba alikuwa anawatazama wote wawili, mmoja kifuani na mwingine kizingitini, na kitu fulani kwenye uso wake wa nusu kwa nusu kilikuwa kinalegea. Akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawatia hofu upya, wakamrukia wote wawili, mmoja na maji, mwingine na mto.

Siku ile ile kifaa cha ndevu kilipewa jina, kikaitwa Kinyozi, na mtu yeyote akikiita mashine anazomewa mpaka leo. Kilikuwa kimejaa, taa ya kijani. Dada alikichomoa yeye mwenyewe, akarudisha simu ya Haya kwenye umeme, akamalizia shavu la kulia, huku Haya akiushika mpira wa hewa kama ameshika nyoka. Baba alijikagua kwenye kioo, kushoto, kulia, chini ya kidevu.

Dada akaenda jikoni kuinjika maji. Haya akaenda kuoga ajiandae na lindo. Nyumba ilikuwa na mngurumo wake tena, na Dada aliusikia kila sekunde, alikuwa anausikiliza kwa makusudi, amesimama mbele ya jiko bila kuliwasha.

Ting!

Sufuria ikaanguka. Dada na Haya waligongana mlangoni mwa chumba, yeye na kiberiti mkononi, Haya na povu la sabuni mpaka masikioni, taulo analishikilia kwa ngumi.

"Nini, Baba? Nini? Unataka nini?"

Mzee alikuwa ameegemea mito, mashavu yote mawili yanang'aa, kiganja bado kiko juu ya kengele. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Sitaki kitu," alisema. "Nilikuwa naangalia tu kama mtakuja."